Kibanda cha muvi Busia, Ijumaa ya Kiswahili: nyota nne na nusu, ile nusu imeliwa na jenereta

Wacha nianze na bei kwa sababu najua ndo kitu mtauliza kwanza. Muvi moja shilingi 1,000 za Uganda, muvi mbili mfululizo 1,500, na Mkenya akivuka na pesa za kwao anatoa 40 anaingia bila maneno mengi. Mpira wa Ulaya 1,000, mechi kubwa 2,000, na siku ya mechi kubwa fika saa nzima kabla ama utaangalia kisogo cha mtu dakika 90. Mtoto mwenye yunifomu haingii hata alie machozi ya damu, mzee mwenye kibanda alishaapa, na hapo namheshimu sana maana vibanda vingine saa nne asubuhi unakuta darasa zima limekaa mbele.

Kiko Busia, upande wetu wa Uganda. Hakina jina. Ukiacha ile barabara kubwa ya maloli unaingia kichochoro cha wauza mitumba, unapita mafundi cherehani wawili, unasikia jenereta kabla hujaona mlango, na pale mlangoni kuna ubao mweusi kama wa shule wameandika kwa chaki muvi za leo, na chini yake kwa herufi kubwa: ANAYETOBOA SIRI YA MUVI FAINI 500. Nitarudi kwa hiyo faini, hiyo peke yake ni nyota nzima.

Siku zingine sita kibanda hiki ni kama vingine tu, muvi za Kiganda, mpira, muziki wa video wakati watu wanangoja. Lakini Ijumaa usiku ni Kiswahili, na si Kiswahili cha kwenye flashi, ni mtu mwenyewe amekaa pale mbele na maikrofoni anatafsiri hapo hapo muvi ikiendelea. Ndo sababu naandika. Nimeenda Ijumaa saba sasa, mimi na wifi yangu, na kila nikimwambia mtu kazini ananiangalia kama nimemwambia nimeona samaki anapanda mti.

Kwa wale hamjaishi Uganda, muvi ya Marekani ama ya Korea kwetu haiji peke yake, inakuja na VJ. VJ wetu si mtu wa kucheza nyimbo, ni yule anayeongea juu ya muvi kwa Kiganda, zile tunaita enjogerere. Mimi nimelelewa na VJ Jingo na VJ Junior na VJ Emmy, nyumbani kwetu ni Kisamia, sokoni Kiswahili, shuleni Kiingereza, na Kiganda changu chote kimetoka kwenye muvi, yaani kuna maneno ya Kiganda nayajua ya kumtishia mtu aliyeteka ndege lakini sijui yale ya kuomba sindano ya kushonea. Na msidhani VJ anatafsiri tu. Mtu kwenye muvi anasema maneno matatu, VJ anaongea nusu dakika, anakwambia huyu jamaa ni tajiri nyumba yake ni kama zile za Kololo, anakwambia mwanamke huyu usimuamini ona anavyoangalia, anakwambia kimbia ssebo kimbia. Pale Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana wa Wakaliwood na muvi zake za bunduki za vyuma chakavu alifanya jambo la maana sana, sauti ya VJ aliiacha ndani ya muvi yenyewe, hadi watu wa ng'ambo wakaziona YouTube wakajua hii ndo njia yetu ya kuangalia.

Sasa kuna kitu kilikuwa kinaniuma muda mrefu na sikuwa na pa kukisema. Nimekaa kwenye vibanda tangu nikiwa darasa la tano, na nimesikia mara nyingi sana, VJ anaenda vizuri na Kiganda chake, mapenzi Kiganda, msiba Kiganda, mama na mtoto Kiganda, halafu anatokea mwanajeshi mkali ama mwizi na bunduki, hapo hapo sauti inageuka inakuwa Kiswahili. Lala chini! Toa pesa! Wewe nani! Watu wanacheka. Na mimi nakaa pale na lugha ninayonunulia nyanya kila siku nasikia imepewa majambazi peke yao. Nikienda Kampala nikaongea Kiswahili kwenye teksi mama wa pembeni anavuta mkoba wake karibu. Naelewa imetoka wapi, jajja yangu mwenyewe akisikia amri ya Kiswahili anashtuka, wazee waliisikia kwa askari miaka ile mibaya na hakuna mtu ana haki ya kuwaambia wasahau. Lakini mimi Kiswahili nimepewa nacho pole kwenye matanga. Nimetongozwa nacho, tena vizuri. Nimefundishwa nacho kuhesabu chenji za nchi mbili. Na Julai 2022 baraza la mawaziri wenyewe walipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shule zote kwa lazima, basi si kipate na kazi nyingine kwenye muvi zaidi ya kushika bunduki?

Najua mtaniambia DJ Afro, yule anayetafsiri muvi kwa Kiswahili. Ndiyo, DJ Afro wa Kenya nampenda, hapa mpakani unajaziwa flashi nzima ya muvi zake, na Tanzania watu wa umri fulani wote wanamjua Lufufu wa kazi hiyo hiyo. Lakini hao ni wa kwenye flashi, ukicheka hawakusikii. Huyu wa Ijumaa anakusikia.

Mkalimani mwenyewe ni kijana mwembamba, simjui jina na hata ningelijua nisingeliweka hapa, watu wote wanamwita Taniboi kwa sababu alikuwa taniboi, yaani utingo wa maloli miaka kadhaa, ameenda Mombasa na kurudi hadi amechoka kuhesabu, amelala Goma, amelala Juba. Anakaa kwenye kreti ya soda pembeni ya skrini. Mkono wa kulia rimoti, mkono wa kushoto maikrofoni, na ile sponji ya maikrofoni ilishaanguka zamani kwa hivyo ameivalisha soksi ya mtoto, ya buluu, ina kidole kimoja kimetoboka na hapo ndo sauti inapita vizuri kuliko. Magotini ana daftari. Nilimuuliza siku moja la nini akanionyesha, dada tazama, kila muvi anaiangalia mara tatu mchana kabla ya Ijumaa, anaandika nani ni mtoto wa nani, nani ana deni la nani, na pembeni anachora nyota mahali watu watacheka ili ajue kusimamisha na rimoti asije akapoteza maneno. Kama ni ya Kikorea anafuata yale maandishi ya Kiingereza ya chini. Daftari lina kurasa zimekunjwa kama Biblia ya mzee wa kanisa.

Na sasa sikilizeni alichofanya na sauti. Wapenzi wote kwake wanaongea Kiswahili cha Mombasa, taratibu, jamani nikwambie kitu, wallahi sijalala tangu juzi. Bibi yeyote mzee anaongea Kiswahili cha Kongo, mutoto yangu kuya hapa, ulikula? Ukisikia tu ile sauti unataka kulia hata kama hujui bibi amefanya nini. Polisi wema wanaongea kama wakulima wa huku kwetu, wanakosea ngeli wanaendelea mbele. Na majambazi wote, wakubwa kwa wadogo, wanaongea Kiingereza cha shule ya bweni, kile cha pua. Ijumaa ya kwanza nilipogundua hivyo nilimshika wifi mkono nikamwambia umesikia? umesikia alichofanya? akaniambia tulia tuangalie. Nilitulia lakini moyo wangu haukutulia. Yaani mtu amekaa kwenye kreti ya soda na soksi kwenye maikrofoni na amegeuza kitu ambacho miaka yote hakuna aliyekigusa.

Watu wanaojaa Ijumaa ni wa kila aina kwa sababu ya mpaka. Madereva wa maloli waliokwama kwenye foleni wakingoja makaratasi, Wasomali, Wakikuyu, Warundi, mmoja wa Bukavu ambaye hucheka dakika moja nyuma ya watu wengine wote halafu kicheko chake kinaanzisha kingine kipya. Wanawake wa sokoni wakishafunga meza. Vijana wa bodaboda, na wajue watu kwamba hilo jina bodaboda lenyewe limezaliwa huku huku kwenye mipaka yetu, baiskeli zikivusha watu kutoka boda hii hadi boda ile. Wote hao ukiwawekea Kiganda nusu wamekosa, ukiwawekea Kiingereza nusu wamelala. Mzee mwenye kibanda hakufanya Ijumaa ya Kiswahili kwa mambo ya serikali ama ya elimu, aliangalia tu nani amesimama nje na pesa mkononi.

Kuna mambo ya muvi yananiudhi tangu utoto na hapa nimekuta watu wote yanawaudhi. Moja, chakula. Hawa watu wa Korea na Marekani wanaagiza sahani imejaa, wanakaa, simu inalia kidogo, wanainuka wanaenda hawajagusa hata kijiko. Kibanda kizima kinapiga kelele rudi ule! Mama wa karanga yeye huchukia kabisa kabisa, anasema huyo hajawahi kulala njaa. Taniboi alishajua, siku hizi mtu akiinuka kwenye meza anamsemea, aah mama samahani nifungie nitapitia jioni, na watu wanapumua. Mbili, simu. Hakuna anayesema haya basi, wasalimie nyumbani. Wanakata tu. Kwetu ukikata simu hivyo unapigiwa kuulizwa tumekukosea nini. Na hakuna mtu anaishiwa salio, hakuna anayeomba apigiwe, simu ina chaji asubuhi hadi usiku na mwenyewe ametupwa mtoni nayo. Tatu, mtu anafika kwa gari katikati ya mji mkubwa na nafasi ya kuegesha iko pale pale mlangoni inamngoja. Nne ndo kubwa, rafiki ya stelingi. Stelingi hafi, hiyo tunajua tangu tumboni. Lakini rafiki yake akitoa tu picha ya mtoto mfukoni, akisema tukimaliza kazi hii narudi kijijini nifungue duka, banange, huyo tayari ni marehemu, na watu wa kibanda wanaanza kumwaga pole mapema. Huwa nakasirika kweli. Kwani mtu kupanga maisha ni kosa? Mbona yule asiye na mpango wowote ndo anabaki?

Haya, twende kwa kero za kibanda chenyewe maana siyo vizuri nisifie tu.

Ile faini ya 500. Nchi hii kila mahali kuna yule mtu ameshaiona muvi. Anakaa nyuma yako, anameza mate, unamsikia anavyojizuia, halafu anaachia, huyo si ndo baba yake. Vibanda vingine mtu huyo ni mfalme. Hapa anasimamishwa, taa inawashwa, kijana wa mlangoni anapita na kikombe cha plastiki cha kijani, analipa ama anatoka, na zile pesa mwisho wa mwezi wananunua soda ya watoto wa jirani anayetuachia choo. Nimeona dereva mmoja mtu mzima amelipa mara tatu usiku mmoja, 1,500, pesa ya muvi mbili, na akalipa kwa roho safi akasema siwezi, inanitoka yenyewe. Sijaona sheria inafanya kazi hivyo Uganda hii.

Viti ni mabenchi, hayana pa kuegemea. Ukuta wa kushoto mabenchi mawili yameandikwa WAMAMA kwa rangi nyeupe, na hapo hakuna mwanaume anakaa hata kibanda kijae hadi mlangoni, na hii ndo mara ya kwanza nimekaa kibandani usiku bila kushika mkoba wangu tumboni. Wifi alikuja mara ya kwanza akiwa na wasiwasi, mume wake yaani kaka yangu alikuwa amenuna, sasa kaka mwenyewe ndo anauliza Ijumaa mnaenda na nani. Mabodaboda wanaweka helmeti kwenye benchi kushikia mtu nafasi, helmeti moja nafasi moja hiyo naelewa, lakini helmeti mbili na koti na mfuko wa kaveera kwa marafiki wanne ambao wanakuja muvi ikiwa nusu, hapana. Mzee wangu kama unasoma, weka faini na hapo.

Mvua. Mabati hayana dari, ikinyesha unaona midomo tu. Taniboi anajaribu kupaza sauti hadi mishipa ya shingo inatoka halafu anaamua kuigiza kwa mikono, na nimeangalia robo saa ya muvi ya Kihindi kwa mikono peke yake na nikaelewa kwamba harusi imevunjika kwa sababu ya pete.

Sasa jenereta. Stima ikikatika, ama Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, ikiisha mita ikianza kulia ile ti ti ti na mzee anatafuta simu yake anunue nyingine mtandao unazunguka, wanawasha jenereta. Jenereta imewekwa nje, sawa, lakini imewekwa nje ya ukuta gani? Wa kushoto. Wa wamama. Na huo ukuta una tundu la hewa. Basi sisi tunaangalia mapenzi ya watu huku tunakohoa, natoka pale nywele zangu zinanuka petroli hadi Jumapili kanisani. Nimemwambia mzee kwa heshima zote, mzee sogeza hiki kitu mita kumi tu, akasema mama nimekusikia, hiyo ni wiki ya tatu. Nusu nyota iko hapo na nitairudisha siku hiyo jenereta itakaposogea, nimeshamwahidi.

Kuna watakaosema si ungekaa nyumbani uangalie kwa simu. Na bando je? Kwanza 2018 tukawekewa 200 kila siku ya kuingia mitandaoni, halafu Julai 2021 wakaondoa hiyo wakaleta ushuru wa asilimia 12 juu ya bando lenyewe, sasa piga hesabu muvi ya saa mbili inakula ngapi, halafu uiangalie peke yako kitandani skrini kama kiganja, inagandia pale pale mtu anapotaka kusema nakupenda, mdomo umebaki wazi. 1,000 ya kibanda ni bei rahisi.

Na jumba la sinema nimeenda pia, Kampala, ndani ya yale majengo makubwa ya maduka, binamu yangu alinipeleka siku yake ya kuzaliwa. Viti vizuri, hewa baridi, sauti inaingia hadi kwenye mbavu, hapo sina neno. Lakini muvi ilipofika mahali yule rafiki ya stelingi anatoa picha ya mtoto nikasema kwa sauti jamani weka hiyo picha! na dada mmoja aligeuka akaniwekea kidole mdomoni. Watu kama sitini, kimya, kila mtu na popukoni yake. Niliumia. Si kwamba walikosea, huo ndo utaratibu wao, lakini nilikaa saa nzima iliyobaki nimeshika maneno yangu kama mtu anashika mkojo, na nikitoka sikumbuki muvi iliishaje.

Agosti 2025 wakati wa CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, sisi Uganda na Kenya na Tanzania tukiwa wenyeji pamoja, mzee alimwomba Taniboi atangaze mechi. Alizima sauti ya televisheni akavalisha soksi maikrofoni akaanza. Ijumaa ile ya robo fainali Kenya wakatoka kwa penati mbele ya Madagaska, na usiku huo huo Tanzania wakafungwa na Moroko, Wakenya pale kibandani walikuwa wameinamisha vichwa na Taniboi akasema kwa ile sauti yake ya bibi wa Kongo, batoto yangu, mukule kwanza. Kesho yake Jumamosi ikawa zamu yetu, Senegali 1 Uganda 0 pale uwanja wa Namboole, na wale wale Wakenya wa jana ndo walitununulia chai. Siku mbili, nchi tatu, zote nje. Sijawahi kuona kibanda kimehuzunika vizuri hivyo.

Lakini kilichonifanya nishike simu niandike ni Ijumaa iliyopita.

Muvi ilikuwa ya vita, ya Marekani, watu wawili wanajeshi wamepotea msituni, stelingi na rafiki yake. Na huyu rafiki, Taniboi alimfanyia kitu ambacho hajawahi kumfanyia mwanajeshi yeyote, alimpa Kiswahili cha Mombasa. Kile cha wapenzi. Mwanajeshi na bunduki yake na matope usoni anampigia mama yake simu ya upepo, mama, shikamoo, usinifikirie sana, mbuzi amezaa? Kibanda kilinyamaza. Mimi niliangalia mwanaume wa mbele yangu, mtu mzima mwenye mvi, amevua kofia ameiweka magotini. Halafu yule mwanajeshi akatoa picha mfukoni.

Weee. Wamama wote tukasema hapana. Mama wa karanga akasimama na beseni lake.

Na hapo hapo stima ikaenda, wakavuta kamba ya jenereta, ikakohoa mara mbili, ikafa. Petroli imeisha. Giza kabisa. Mzee akaanza kusema samahani watu wangu, kesho mtaingia bure, na kutoka kule mbele tukasikia sauti bila maikrofoni, ya kawaida tu, ikisema kaeni, muvi haijaisha. Mtu wa kwanza akawasha tochi ya simu akamulika pale kwenye kreti, wa pili, wa tatu, hadi Taniboi akawa anang'aa peke yake na daftari lake. Na akaendelea. Dakika kumi na tano, bila picha, bila hata mlio mmoja wa bunduki. Akatuambia mto uko wapi, adui wametokea upande gani, stelingi amepigwa risasi ya bega. Alisema kwa sauti ya stelingi, akajibu kwa sauti ya rafiki. Mama wa karanga akauliza na yule mwenye picha? Nilimuona Taniboi anaangalia daftari, anafungua ukurasa, anaufunga. Akasema, yule alijificha chini ya mzizi wa mti mkubwa usiku mzima, asubuhi akavuka, akapanda loli, akateremka kwao saa kumi jioni, mama yake alikuwa anafagia uwanja, akasikia mtu nyuma yake anasema hodi.

Kibanda kilipiga makofi hadi wauza mitumba wakaja mlangoni kuuliza kuna nini.

Halafu stima ikarudi. Skrini ikawaka, mzee akarudisha nyuma kidogo ili tuone wenyewe, na tukaona. Rafiki ya stelingi amelala chini, amekufa, picha iko kwenye majani pembeni ya mkono wake. Hakuna mtu aliyemlaumu Taniboi. Mzee wa mvi akavaa kofia yake akasema hawa wametengeneza vibaya. Dereva wa Bukavu akasema ndiyo, wamekosea. Na mama wa karanga, bado amesimama na beseni, akamwambia mzee mwenye kibanda, baba zima hiyo kitu, huyo sisi tumeshamfikisha nyumbani.

Akazima.

Ni Ijumaa saa mbili na nusu usiku, muvi ya pili inaanza kama saa nne na nusu. Njooni na 1,000 iliyovunjwa kwa sababu kijana wa mlangoni hana chenji, karanga 500, choo 200 kwa jirani, na wamama mkae benchi la pili siyo la kwanza, hapo moshi unapungua kidogo.